Nakala Iliyokuwa Njiani

Ofisi nzima ya viwanja ilimwita Shemeji, kuanzia mkuu mwenyewe hadi mfagizi, na aliyeleta balaa hilo ni mdogo wa mke wake, aliyekaa dirisha la mapokezi. Yeye ndiye aliyeanza kumwita hivyo mbele za watu, jina likaganda. Mwenyewe hakulipenda. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, wa kuitukana mashine utadhani ina masikio, na ukimuuliza swali la kijinga alikujibu, "Zima, washa, halafu usinirudie." Ila yule binti alimuweza. Alikuwa na mdomo, usipime. Akimwona amenuna asubuhi, atamwambia, "Vipi shemeji, dada amekunyima chai?" Naye atacheka, atake asitake.

Kazi yake ilikuwa kutunza seva na kuhakikisha kila kilichomo kina nakala mahali pengine. Mafaili ya karatasi yalishateketea mwaka uliotangulia, kwenye moto ambao kila mtu alijua umewashwa kwa faida ya nani, na hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Kuna tajiri aliyeutaka mtaa wa bondeni wote, na watu wa bondeni walikuwa na kinga moja tu iliyobaki: databesi ya viwanja, iliyokaa kwenye seva moja, katika chumba kidogo chenye baridi nyuma ya ngazi. Databesi ikifa, matingatinga yanashuka bondeni bila kuulizwa na mtu. Shemeji alizaliwa huko. Utotoni aliona tingatinga likiangusha nyumba ya jirani, bibi mmoja mkaidi aliyegoma kutoka, akiwa ndani. Alimsikia. Habari hiyo alimsimulia mkewe tu, mara moja, na baada ya hapo hakutaka kuizungumzia tena.

Sasa sikiliza hili la nakala, maana bila hilo hutaelewa kwa nini watu walikufa. Databesi iliyo kazini haitulii. Makarani wanaandika, wanafuta, wanahamisha, mchana kutwa. Ukizichukua faili zake hivi hivi huku zinaandikwa, unapata nusu ya jana na nusu ya leo, na siku ya kuzirudisha hazifunguki. Dawa yake ni kuweka kijiprogramu ndani ya seva, Shemeji alikiita kijumbe, kinachoiambia databesi ijipange kwanza, kisha ndiyo kinabeba. Alikiweka. Seva ikawa nzito, foleni ikasimama, wananchi wakamporomoshea matusi binti wa mapokezi, naye akamvaa shemeji yake koridoni: "Mtoe huyo mdudu wako, nitapigwa mimi, siyo wewe." Akamtoa. Akabaki ananakili faili zilivyo, na kila asubuhi programu inamwandikia kwa kijani kwamba kazi imefanikiwa. Imefanikiwa kitu gani? Wiki moja alijaribu kurudisha nakala moja kwenye mashine ya pembeni, haikufunguka. Akajaribu ya wiki iliyopita. Haikufunguka. Akafunga mlango, hakumwambia mtu.

Na wakati huohuo mkuu wa ofisi, mdomo wake ule, alikwenda kujigamba redioni kwamba hata ofisi ikiungua tena hakuna wasiwasi, nakala ipo salama mahali pengine. Nani alimuuliza?

Jumamosi Shemeji aliingia kazini kurekebisha kosa lake. Ofisi kuu ilifungwa, lakini madirisha ya ofisi ndogo za mitaani yalikuwa wazi na databesi ilikuwa inaandikwa. Alimwita binti wa mapokezi aje akae dirishani kwake, ajaribu kufungua kiwanja kimoja kimoja kwenye kompyuta na kumwambia kama mambo yanakwenda polepole. Binti alinung'unika, alikuwa na mipango yake ya Jumamosi, lakini alikuja. Shemeji akamrudisha kijumbe, akampa nywila ya databesi, akamwelekeza mahali pa kupeleka mzigo: chumba cha mashine cha idara ya maji, ng'ambo ya mji. Kisha akaibana kasi ya mtandao hadi theluthi, ili safari hii asije mtu akalalamika. Akabonyeza. Nakala ya kwanza, nzima tangu mwanzo, ikaanza kusafiri.

Ilikuwa haijafika hata robo waliposikia mlinzi akipiga ukelele getini, mara moja, kisha kimya.

Waliingia getini wanne. Wawili wakabaki uani na madumu ya petroli. Aliyeongoza alivaa buti za mvua, na juu hakukuwa na wingu. Nyuma yake jitu la watu, nondo mkononi, na kwenye ile nondo tayari kulikuwa na damu ya mlinzi na nywele zake. Binti wa mapokezi walimburuta kwa misuko yake hadi chumba cha seva, wakamtupa ukutani. Hakuwa wa kuburutwa kimya yule. Aliling'ata lile jitu mkono hadi nyama ikaachana, na jitu likampiga teke la kifua ambalo lilimkata pumzi.

"Wewe ndiye Shemeji," alisema mwenye buti. Hakupaza sauti. "Mara ya kwanza tulichoma makaratasi, mkatutolea mashine. Leo tunamaliza. Nakala iko wapi?"

Shemeji alikuwa na majibu mawili tu ya kweli. Akisema nakala zote ni mbovu, watachoma seva papo hapo, na ile nzima itafia njiani. Akitaja idara ya maji, watapiga simu, na huko nako kutachomwa. Akachagua kudanganya. Alisema ipo kwenye diski, kabati la mkuu, ghorofani. Wakapanda, wakavunja mlango, wakavunja kabati, wakarudi mikono mitupu. Alipata alichokitaka, dakika zake, na akazilipia. Walimwekea vidole vya mkono wa kushoto kwenye bawaba za mlango wa chuma, wakaufunga. Alisikia mifupa kabla ya kusikia maumivu. Akapiga kelele hadi akatapika.

"Hiki nini kinachotambaa?" mwenye buti aliuliza, akionyesha skrini, kwenye ule mstari wa kijani.

"Inapekua virusi," alisema Shemeji.

Lile jitu, bado likinyonya mkono wake uliong'atwa, likaipiga skrini nondo ikapasuka vipande. Halikujua kwamba kazi haiko kwenye skrini. Shemeji alijua, lakini sasa hakuwa tena na njia ya kuona nakala imefika wapi. Kilichobaki ni kitaa kidogo nyuma ya seva, pale waya wa mtandao unapochomekwa, kinachomekameka, kuwaka na kuzimika kwa kasi, mzigo ukiwa unapita. Akakikodolea macho. Kilikuwa kinamekameka bila kupumzika. Aliilaani ile theluthi yake. Angeiachia kasi yote, kazi ingekuwa imekwisha kabla hawajavuka geti.

Alidanganya tena: ipo chini ya sakafu. Wakang'oa vigae. Hakuna kitu. Wakampiga mgongoni kwa nondo hadi akajikojolea. Hapo mwenye buti akachuchumaa mbele yake, akamtazama kwa muda, akaona kitu ambacho hakukielewa, kwamba huyu mtu anaumizwa na hamtazami anayemuumiza.

"Tunapoteza muda na huyu," alisema. "Mgeukieni msichana."

Sitakusimulia yote. Walianza na magoti. Binti alikuwa wa kwanza kulia kwa sauti, halafu sauti ikaisha akawa analia kwa mdomo wazi tu, kama mtoto mchanga anayetafuta pumzi. Shemeji alipiga kelele wamwache, aliwatukana mama zao, alijiburuta, akakanyagwa shingo na ile buti. Jicho moja lilikuwa sakafuni. Jicho la pili lilikuwa linaona kitaa.

"Shemeji," binti alisema. Damu ilimjaa kinywani na jina halikutoka vizuri. "Shemeji, waambie. Jamani, waambie tu."

Alijua mahali. Angeweza kusema maneno matatu, na angalau wangeacha kumpiga. Kitaa kilikuwa kinamekameka. Shemeji akasema, "Ipo kwa mkuu, nyumbani kwake, kwenye gari." Mwenye buti akapiga simu, akatuma watu, akasubiri, na wakati anasubiri hakuliambia jitu lisimame. Pigo la kichwa lilikuja hapo. Halikuwa hata na hasira. Jitu lilipiga kama mtu anayejaribu nondo yake, na binti akanyamaza.

Baada ya hapo kitaa kilipunguza. Kikameka, kikapumzika, kikameka kidogo, kikatulia. Mzigo umefika. Shemeji alilala pale na shavu lake sakafuni, na akaanza kulia kwa kwikwi, kilio cha kweli kabisa, na ndipo akawaambia ukweli aliokuwa ameuficha ofisi nzima.

"Hakuna nakala. Zote hazifunguki. Niliharibu mimi, nikaona aibu kusema."

Mwenye buti alimtazama, kisha akacheka hadi akashika kiuno. Aibu ile ndiyo iliyomshawishi. Wakamwaga petroli, wakawasha, wakaondoka zao. Mafundi wa matairi wa upande wa pili wa barabara ndio waliovunja dirisha na kuwatoa, yeye nywele zikiwaka, na binti akikoroma mkoromo usio wa usingizi. Mlinzi walimkuta getini ameshapoa. Binti alifikishwa hospitali, akakoroma hivyo hadi kesho yake, kisha akaacha.

Nakala ilifunguka. Fundi wa idara ya maji aliirudisha kwenye mashine nyingine na kila kiwanja cha bondeni kikatokea na mwenyewe, hadi kilichoandikwa asubuhi ya Jumamosi ileile. Mahakama ikayazuia matingatinga. Watu wa bondeni walikuja hospitali kwa makundi, wakamshika mkono uliobaki mzima, kina mama wakamlilia, wazee wakamwita mwanetu. Mkuu wa ofisi akaenda tena redioni.

Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, mkewe alimfungulia mlango, akamsogezea kiti, akakaa mbele yake. Alikuwa hajamuuliza neno muda wote wa matanga. Nguo nyeusi ilimfanya aonekane mdogo, na akiinamisha kichwa hivi alifanana na mdogo wake kupita kiasi.

"Aliyemwita siku ile ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Walipokuwa wanampiga, alisema kitu?"

Shemeji alitazama bandeji yake. Angeweza kudanganya, na siku ile alidanganya vizuri. "Alisema niwaambie."

"Alikuomba."

"Aliniomba."

"Na wewe ulikuwa unajua mahali."

"Nilikuwa najua. Ilikuwa haijafika. Mke wangu, ilikuwa imebaki kidogo tu ifike, kama ningesema mapema lile bonde zima..."

Mkewe aliinua mkono kumkatiza. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira. Mkewe akaongea taratibu, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida la nyumbani.

"Watu wa bondeni umewarudishia viwanja vyao. Mimi mdogo wangu utanirudishia lini?"

Shemeji alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Akakaa nacho mkononi, kisha akakivaa tena, kwa shida, kwa mkono mmoja, na mkewe hakumsaidia kufunga kamba.