Jiko la Kiswidi la Bi Mwanakhamis

Swalha alikuwa mwanamke wa mikoba, na pale Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou huko China, hakuna aliyemjua kwa jambo jingine. Tangu mwaka tisini na tano alikuwa akipanda na kushuka ngazi za majengo ya maduka ya jumla, akivuta zipu, akinusa ngozi, akisugua mikanda kwa kidole gumba kuona kama rangi itabanduka. Wauzaji wakimwona mlangoni walianza kuguna kabla hajafungua mdomo. Bei aliikataa hata ikiwa nzuri. "Tai gui, laoban," alisema, "ghali mno, bosi," na bosi akajipiga paji la uso na kupunguza, maana alishajua kuwa mwanamke huyu hatoki mpaka apunguziwe. Mikoba ilikwenda Kariakoo, na huko haikulala dukani.

Kwake mwenyewe hakununua kitu. Chumba alichopanga kilikuwa na kitanda, jiko dogo la gesi, marobota mpaka darini, na dirisha moja lililoingiza jua la jioni. Chini ya dirisha hilo alitandika msala. Aliswali akilikabili lile jua, kwa kuwa ukiwa Guangzhou Makka iko magharibi. Miaka ikapita na mwili ukazoea, hata akiingia chumba kigeni aligeukia jua linakozama bila kuuliza mtu.

Wakati huo mama yake, Bi Mwanakhamis, alikuwa Lushoto akitetemeka. Wala sitii chumvi. Mwanamke huyu alizaliwa Tanga mjini, kwenye joto lake, akaolewa na fundi cherehani wa Kisambaa aliyempandisha milimani, na katika umri wote wa ndoa ile hakuizoea baridi hata siku moja. Mume alipofariki, ndugu wa Tanga walimwita arudi. Akasema hawezi kumwacha marehemu peke yake kwenye ukungu ule. Kifua kikaanza kumbana. Kila Juni alianza kukohoa na kila Agosti alinyamaza, na mwaka hadi mwaka alinyamaza akiwa amekonda zaidi. Daktari wa wilaya hakuwa na maneno mengi: mama huyu akae penye joto, la sivyo kifua hiki hakifiki mbali.

Sasa nieleze habari ya jiko. Zamani Bi Mwanakhamis aliwafulia na kuwapigia pasi mume na mke wa Kiswidi, wataalamu wa misitu, na Swalha akiwa mtoto alikuwa akimfuata kazini. Nyumba yao ilimshangaza. Kuta nyeupe hazina hata picha, sakafu ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikapauka, viti viwili vya mbao nyepesi, ngozi ya kondoo chini, basi. Na katikati ya ukuta mrefu jiko la kuotea moto, chuma cheusi chenye mlango wa kioo, bomba la moshi likipanda wima mpaka kwenye paa. Mama akimaliza pasi aliusogeza mgongo pale kidogo, akafumba macho. Akisikia viatu vya mama mwenye nyumba aliruka na kushika kitambaa, akajidai anafuta vumbi. Mwenye nyumba hakuwahi kumkataza, labda hata hakuona. Lakini Swalha aliona jinsi mama yake alivyoruka, na jambo lile lilimkaa rohoni. Akajiapiza kwamba ipo siku mama atakaa mbele ya jiko lake mwenyewe, wala hatanyanyuka kwa viatu vya mtu yeyote.

Wafanyabiashara wetu wa China wana ugonjwa mmoja: kujenga kwa simu. Mtu yuko Guangzhou, nyumba iko Lushoto, na kati yao kuna fundi, binamu na mchoro. Nyumba ikiisha mwenyewe huijua kwa picha, na bado atabishana na wewe kuhusu rangi ya vigae vya choo ambacho hajawahi kukikalia. Swalha naye aliugua. Mwaka tisini na nane kuta za nyumba ya mama zilikuwa zimesimama na paa limefungwa, na simu zake zote zilikuwa madirisha, milango, misumari.

Mwaka huohuo aliingia ghala moja nyuma ya ofisi za mizigo, akitafuta maboksi ya mikoba, akayakuta majiko yamepangwa mstari. Kiwanda fulani kiliyatengeneza kwa ajili ya watu wa Ulaya ya kaskazini, mteja akajitoa, mzigo ukabaki. Swalha alisimama pale hata akasahau maboksi. Aliyekuwa naye ni Eugénie, Mkongomani wa Lubumbashi, mnunuzi wa nguo za watoto na shoga yake wa pekee katika mji ule.

"Dada, weye uko natafuta commerce ao uko natafuta décor?" Eugénie aliuliza. "Hii kintu nani atainunua kule Dar? Bantu bako natoka jasho!"

"Siyo ya kuuza," Swalha alisema. "Ya mama."

Palikuwa na namna tatu. La kwanza la mviringo, limepakwa weupe wa kung'aa kama birika. Hilo alilikataa kwa sababu masizi yangelichafua na mama angelisugua mpaka kifua kimuue. La pili lilikuwa la pembeni, lenye kioo pande mbili, zuri kweli, lakini mlango wake haukufunga sawasawa. La tatu jeusi, la miguu minne mifupi, mlango mmoja wa kioo. Swalha alipiga magoti kwenye vumbi, akaufungua mlango na kuufunga, akaufungua na kuufunga, kama anavyofanya na zipu. Akaingiza mkono mpaka begani akapapasa ndani kutafuta nyufa. Alipoutoa ulikuwa mweusi na macho yake yamelowa. Muuzaji akataja bei. Kwa mara ya kwanza tangu afike China, Swalha hakusema tai gui. Muuzaji mwenyewe alishtuka, akamtupia na kitabu cha picha bure.

Kitabu kile ndicho kilichomlevya. Picha zote zilikuwa za nyumba kama ile ya utotoni mwake: weupe, mbao, ukimya, moto. Swalha akaketi sakafuni chumbani kwake na karatasi kubwa ya kufungia mizigo, akachora sebule ya mama. Sebule yenyewe ilikuwa ndogo. Upande wa mashariki mlango, kusini dirisha la bondeni, kaskazini ukuta mrefu mtupu, magharibi ukuta mfupi. Akajifunza kutoka kwenye picha kwamba jiko lisibanwe na samani, lionekane mtu anapoingia tu, na bomba la moshi lipande bila kupinda.

"Mi ningeiweka huku," Eugénie alisema, akigusa ukuta wa magharibi. "Iko mu kona, inapasha chumba yote, na fasi inabakia."

"Huko hapaguswi."

"Juu ya nini?"

"Ndiko kibla. Mama anaswali sebuleni, akimaliza alfajiri anakaa kwenye msala na tasbihi yake mpaka jua lipande, na baada ya swala ya magharibi anakaa tena mpaka isha. Hiyo ndiyo saa ya baridi. Sasa aswali kauelekea moto? Kwetu haipendezi hata kidogo, ni kama wale wanaoabudu moto."

"Bon. Mambo ya Mungu siingilie," Eugénie alisema, akainua mikono.

Swalha akalichora jiko katikati ya ukuta wa kaskazini. Kwenye ukuta wa magharibi akaandika kwa herufi kubwa: KIBLA. PASIGUSWE. Akaupigia mstari mara mbili. Alijivunia mstari ule kuliko jiko lenyewe, maana aliona amemfikiria mama mpaka kwenye sijida zake.

Jiko likaingia kwenye kontena katikati ya mikoba. Binamu yake Dullah, mtoto wa mjomba, akalipokea bandarini Dar na kulipandisha Lushoto pamoja na mchoro ambao hata hakuufungua, akamkabidhi fundi Kassian. Kassian alikuwa mtu wa kanisani, hajui kibla wala hakuwa na sababu ya kujua. Alikuwa na mchoro, akaufuata. Ulipomkataza kugusa hakugusa. Akatoboa paa, akajengea matofali nyuma ya jiko, akapaka kuta nyeupe. Bi Mwanakhamis alikuwa bado kwenye vyumba vya kupanga, kifua kimemlaza, na aliletwa kila kitu kikiwa kimekauka.

Ijumaa ile Swalha alipiga simu kwenye duka ambako mama yake hupokelea simu.

"Umeliona, mama?"

Kimya kidogo. Swalha alidhani ni laini.

"Nimeliona mwanangu. Limependeza mno. Mungu akuzidishie."

"Limekaa pazuri?"

"Limekaa pale pale ulipopachora," mama alisema.

Basi Swalha akaishi na furaha ile karibu mwaka mzima. Hata wauzaji walimwona amelainika. Juni ilipofika ndipo jirani mmoja wa Lushoto, katika kusalimiana kwenye simu, alipomtonya kwamba mama anakohoa sana na jiko halijawahi kuwashwa. Kuni zimepangwa pembeni hazijapungua hata moja. Watu wakimuuliza hujibu kwamba ataliwasha Swalha akija.

Swalha akapandwa na hasira. Alimjua mama yake. Alijua ile tabia ya kuweka vikombe vizuri kabatini na kunywea kwenye bati, shuka jipya kulitunza mpaka linaliwa na nondo. Ijumaa ilipofika hakusalimia vizuri.

"Mama, umeniaibisha. Nimesafirisha chuma kizima kutoka China, wewe unakaa na baridi majirani wanaona. Watasema una mtoto wewe? Unalitunzia nani? Unataka kufa uniachie lawama?"

"Nisamehe mwanangu."

"Sitaki msamaha, nataka uwashe moto!"

"Nitawasha," mama alisema, akakohoa, akakohoa tena, na muda wa simu ukaisha.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho. Bi Mwanakhamis alifariki Julai, kifua. Walimzika siku ileile kama ilivyo ada, pembeni ya mumewe, na habari ilipofika Sanyuanli udongo ulikuwa umeshakaa. Swalha hakwenda. Angekwenda kuona nini? Alituma pesa za matanga, akarudi kwenye mikoba, na kwa aliyempa pole alijibu kwa ukali kwamba mama yake alijiua mwenyewe kwa ubahili. Alilisema mara nyingi. Ilikuwa rahisi kidogo kumkasirikia marehemu kuliko kumlilia.

Septemba Dullah akaja Guangzhou kwa mara ya kwanza, kutafuta viatu. Swalha alimpokea uwanja wa ndege, akampeleka chumbani, akampikia wali. Alasiri ikaingia. Dullah akatawadha, akatoka bombani maji yakimchuruzika, akauliza swali ambalo kila mgeni wetu huuliza.

"Dada, kibla wapi huku?"

"Hapo dirishani," Swalha alisema, akimtandikia msala.

Dullah alitazama dirisha. Jua lilikuwa linaingia, limemulika marobota. Akatazama msala, kisha akamtazama Swalha, na mikono yake iliyolowa ikabaki imening'inia.

"Magharibi?"

"Magharibi. Ulidhani wapi?"

"Sisi kwetu si kaskazini, dada?"

Swalha alikuwa ameshika ncha ya msala. Hakuiachia. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa, na wepesi ule ulimtenda ukatili siku hiyo, kwa sababu haukumpa hata nafasi ya kuuliza maana yake nini. Aliuona ukuta mrefu mweupe. Aliliona jiko katikati yake, na mbele ya jiko mwanamke mkongwe amesimama na msala mkononi, hana pa kugeukia.

"Mama alijua?" aliuliza.

"Alijua siku ileile alipoletwa. Mimi nilisema nimwite Kassian alihamishe, shangazi akakataa. Paa limeshatobolewa, akasema, na mtoto amehangaika. Akasema usiambiwe." Dullah alijifuta uso kwa kiganja. "Sisi wengine, nisamehe dada, tulisema umeacha kuswali huku China, umesahau mpaka kibla. Shangazi akatugombeza. Akasema, mwanangu anaswali, si mnaona kaiandika kwa mkono wake? Kaandika ya huko aliko. Akirudi ataiona mwenyewe, atacheka."

"Si angeswali chumbani, awashe sebuleni?"

"Na chumbani ndiko kuna moto? Alilifikiria hilo, akaona ataacha moto unawaka peke yake na yeye yuko barafuni. Akaamua bora akae na msala wake sebuleni, jiko limezimwa. Alisema likiwa baridi ni chuma tu, halina ubaya."

Swalha aliketi juu ya robota. Ile sauti ya nisamehe mwanangu ilimrudia, na kikohozi baada yake, na kile kimya cha kwanza alichodhani ni laini. Alilia bila kujifunika uso, na Dullah, ambaye hajui kukaa na mtu anayelia, alikunja msala, akaukunjua, akaukunja tena.

"Kwa hiyo halikuwahi kuwaka," Swalha alisema baadaye.

"Liliwaka. Siku ya matanga mvua ilinyesha, wanawake wamejaa sebuleni wanatetemeka. Kassian alikuja kutoa pole, akaleta kuni, akaliwasha mwenyewe."

"Likavuta moshi vizuri?"

"Vizuri sana, dada," Dullah alisema, akidhani anamfariji. "Chumba kilipata joto mpaka wanawake wakavua mashali."