Ovaroli Isiyokung'utwa

Binti yangu ni fundi umeme. Nyumbani tunamwita Kwanini, maana neno hilo alilishika kabla hajajua kuomba maji. Mimi shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo majibu yaliniishia mapema. Nilikuwa namjibu, "Kwa sababu nimesema."

Juzijuzi alipata kazi kwenye jengo la zamani la ofisi, kubadilisha nyaya zote. Siku ya kwanza alirudi na ovaroli imejaa vumbi. Nikaichukua, nikasimama mlango wa nyuma niikung'ute kabla ya kuloweka.

"Mama, acha! Usikung'ute!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Tukacheka, lakini yeye hakucheka sana. Aliitia ovaroli kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, kisha akanikalisha. Alisema dari la jengo lile huenda lina asbesto. Ukilitoboa linatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinaingia kifuani na hazitoki. Ugonjwa wake unaweza kungoja miaka thelathini.

Miaka thelathini. Huyu alipokuwa mchanga kifua kilimbana, nikawa nalala naye kifuani pangu nikisikiliza kila pumzi. Kikohozi cha miaka thelathini ijayo nitakisikiliza nikiwa wapi?

"Umetoboa?"

"Bado. Leo tumepandisha vifaa tu. Kutoboa ni kesho."

Alinieleza kwamba sheria inamtaka mwenye jengo ajue asbesto iko wapi, aiandike kwenye daftari, na mafundi waonyeshwe daftari hilo kabla hawajagusa kitu.

"Sasa daftari liko wapi?"

"Msimamizi anasema lipo, ila halionekani."

"Lipo halionekani? Ni daftari au ni jini?"

Hapo alicheka kweli. Mimi moyoni nilikuwa na methali yangu tayari: mkono usioweza kuukata, ubusu. Nimemlea kwa methali hiyo, na kazi ile aliisaka muda mrefu. Nikamtazama kifua, nikaimeza methali yangu.

"Kaulize tena," nikamwambia. "Uliza mpaka wachoke."

Kesho yake alirudi mchana, mapema mno. Nikajua amefukuzwa. Nikamwekea chakula. Akasimulia mwenyewe, mdomo umejaa.

Msimamizi alimwambia, "Wewe binti ni fundi au hakimu?"

"Fundi, bosi. Ndiyo maana nauliza kabla sijatoboa."

Mafundi wenzake wawili wakaweka drili chini. Msimamizi akaona hana wa kumtuma, akampigia mwenye jengo. Orofa ya tatu, walikopangiwa kuanza, ikafungwa mpaka ipimwe.

Baada ya siku tisa majibu yakaja: asbesto imo, dari lote la orofa ya tatu. Wataalamu wenye mavazi yao maalumu ndio wataliondoa. Binti yangu na wenzake wameitwa waendelee orofa ya chini, ambako kumepimwa na hakuna kitu. Daftari jipya limewekwa mapokezi, anasema, na yeye ndiye wa kwanza kulisaini.

Ovaroli sasa inafuliwa hukohuko kazini. Anarudi ameoga, anajilaza kwenye kochi na kusinzia. Mimi hujifanya nakunja nguo karibu naye. Jana alifumbua jicho moja.

"Mama, unasikiliza nini?"

"Lala," nikamwambia.