Refa wa Bwawani

Refa wetu wa mashindano ya kuvua pale bwawani hana filimbi, na ya nini, na koo lile! Kabla watu hawajatupa ndoano, yeye anapita na boti akiburuta nanga ndogo majini, kamba kaishika kwa vidole viwili kama anayepima homa ya mtoto. Sheria ni fupi: ukizamisha matawi ili samaki wajikusanye, weka boya wote waone. Ukificha, umetoka. Juzi kamba ikakaza. Akavuta, sisi ukingoni tukapiga kelele kama tumefunga goli. Likaibuka furushi la matawi, na katikati, jamani, stendi ya bluu ya kuanikia vyombo vya jikoni! Akaifuta tope kwa kiganja, taratibu. Kisha: “Boti ya njano, toka!” Boti ya njano ni ya mumewe, bingwa wetu, aliyetutambia wiki nzima. “Mama watoto, si tuyamalize nyumbani?” Refa akalifunga furushi boya jekundu, mafundo mawili, kama kawaida yake. “Hapa mimi refa. Mama watoto yuko nyumbani, wiki ya pili hii anaanika sahani juu ya ndoo, anamtafuta mwizi.”