Kanda ya Jumatano ya Bi Mwajuma

Haya yamenikuta mie mwenyewe, mchana kweupe, Temeke, na sikuwa nimeonja kitu. Ukitaka kucheka cheka. Wengi wameshacheka, sikasiriki tena.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia, mie fundi kompyuta kwenye hospitali moja ya binafsi. Habari zote za wagonjwa, nani ana sukari, nani akichomwa sindano gani anakufa, zilikuwa ndani ya mashine. Kila siku saa tisa alasiri Bi Mwajuma alizinakili kwenye kanda, akaiandika jina la siku kwa kalamu ya bluu, kisha akarudisha kidogo kwenye mashine aone kama inasomeka. Hakosi hata siku moja. Tulikuwa tunamtania kwamba hata chai yake anaijaribu mara mbili.

Mie nikaleta usasa. Nikachukua diski kubwa nikaipanga ijifanye deki za kanda, deki sita za kubuni. Mashine inadhani inaandika kwenye kanda, kumbe ni diski tu. Hakuna wa kubadilisha kanda, hakuna wa kuziandika majina. Mkurugenzi akaniuliza, "Umejaribu kurudisha?" Nikasema nimejaribu. Wallahi, sikuwa nimejaribu hata mara moja. Wiki ile ile Bi Mwajuma akapunguzwa kazi. Aliniaga vizuri tu.

Mwezi haujaisha, Jumatano saa tisa, niko peke yangu chumba cha mashine, namwona kasimama mlangoni. Hodi hakupiga. Nikainuka. "Shikamoo, Bi Mwajuma." Hakuitikia. Nikajua kaninunia, na nani asingenuna? Akaninyooshea kanda.

"Itunze hii, mwanangu. Hizo zako hazina kitu."

Nikaipokea. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kama soda iliyolala kwenye barafu. Nikageuka kuiweka mezani, kugeuka tena, hayupo. Mlinzi wa getini akasema hajaona mtu. Utasema alisinzia. Na mie nilisema hivyo hivyo.

Kesho yake umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikaungua. Nikakimbilia deki zangu sita. Majina ya kanda yapo, ndani hamna hata herufi. Wodi imejaa, wauguzi wamenizunguka wanataka kujua nani achomwe nini. Niliogopa, jamani. Nikaikumbuka ile kanda, nikaitia kwenye deki ya zamani iliyounganishwa na mashine nyingine. Ikasoma yote. Na niamini hapa: walikuwemo hata wagonjwa walioandikishwa Jumatano ile asubuhi.

Mkurugenzi akanipongeza mbele ya watu. Nikapokea pongezi, Bi Mwajuma sikumtaja.

Jumamosi nikaenda kwao Buguruni nimshukuru, nimwombe na radhi. Binti yake akanikaribisha mkekani.

"Kaka, kwani hukupata habari? Mama tumemzika Jumatatu."

Jumatatu. Nikahesabu siku kichwani, nikahesabu tena.

"Kwenye homa yake alikuwa anakuulizia wewe tu," akasema. "'Yule mwanangu wa kompyuta, amejaribu kurudisha?' Sie hatukujua ndiyo nini. Ulijaribu?"

Nikamwambia, "Nilijaribu."

Sikulia siku ile, na mpaka leo sijalia. Vidole vya mkono niliopokelea vina ganzi. Moto siusikii, wala mkono wa mwanangu akinishika tukivuka barabara. Nimepima, nimesomewa, wapi. Mama yangu mzazi alipofariki nilitia udongo kaburini kwa mkono huo huo, sikusikia kitu, wala moyoni sikusikia.

Basi wewe unayenisikiliza, mkubwa ukimwamkia asiitikie, usipokee kitu mkononi mwake. Na kabla hujamwambia bosi kwamba mtu fulani hahitajiki tena, hakikisha kwanza unalosema ni kweli. Yule binti bado yupo Buguruni. Tukikutana ananisalimia kwa furaha, anawaambia watu kwamba jibu langu siku ile ndilo lililomtuliza mama yake huko kaburini.