Digrii za Nani?

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, ndoo ya dawa na onyo. Onyo lilitoka kwa Meneja, mtu mwenye sauti ambayo akikohoa Kilifi, Mambrui huitika.

"Fagia unavyotaka," aliniambia, "lakini ukigusa kile kifundo, hapa utapasikia tu."

Kifundo chenyewe kilikuwa cha kurekebishia joto la mashine ya kuatamia mayai ya kampuni yetu ya vifaranga: kabati la bati kubwa kama chumba cha bi harusi, lenye trei za mayai, feni, na waya wa umeme wa kutia joto. Sisi tulimwita kuku wa chuma. Kuku wa damu na nyama hulalia mayai yake wiki tatu bila kumwuliza mtu hali ya hewa. Huyu wa chuma alitaka kutazamwa na watu sita, na wote sita hawakuelewana.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoagiza vimashine vidogo kwa simu, halafu mnanipigia mimi mayai yakishaoza. Nimestaafu, nataka kulala mchana. Someni hapa kwanza.

Kwa Meneja, aliyejifunzia mashine za zamani, yai huanguliwa kwa digrii tisini na tisa na nusu. Kwa Daktari wa Mifugo, aliyetukagua kila wiki, yai huanguliwa kwa thelathini na saba na nusu. Meneja akisema Farenhaiti, Daktari akisema Selsiasi, na joto ni lile lile moja, kama mtu aitwaye Baba Ali nyumbani na Fundi kule sokoni. Lakini katika maisha yao hawakutaja hata siku moja kwamba ni digrii za nani. Kila mmoja aliamini Mwenyezi Mungu aliumba za kwake peke yake.

Na sisi wa chini je? Sisi watu wa pwani tumelelewa. Mkubwa akisema, hujibu "sawa, bwana". Humwulizi tena kana kwamba hakusema vizuri. Adabu hiyo ni nzuri msikitini, ni nzuri harusini. Mbele ya kuku wa chuma ni balaa tupu.

Mimi niliokolewa na ngumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, pale Barani. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye subira ya punda.

"Maji yakiganda," alisema, "Selsiasi yuko sifuri. Farenhaiti saa ile ile ashavaa kilemba cha thelathini na mbili. Maji yakichemka, Selsiasi amefika mia, Farenhaiti mia mbili na kumi na mbili. Mvue kilemba. Amepanda ngapi?"

"Mia na themanini, mwalimu."

"Basi mwenzake akipanda tano, yeye hupanda tisa. Kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti, zidisha kwa tisa, gawa kwa tano, kisha mvishe kilemba. Ukirudi, mvue kilemba kwanza, zidisha kwa tano, gawa kwa tisa. Ukimvua mwisho, umepotea."

Nikaenda kujaribu. Thelathini na saba na nusu mara tisa, gawanya kwa tano, sitini na saba na nusu. Ongeza thelathini na mbili: tisini na tisa na nusu. Nilicheka peke yangu barabarani hadi mbwa wa Barani wote wakanisindikiza. Wale wakubwa wawili waliogombana mwaka mzima walikuwa wakisema neno moja.

Nilipandishwa cheo, nikapelekwa tawi letu la Mariakani kutazama mashine mpya. Huko nikamkuta Mtaalamu aliyetumwa na wauzaji, kijana wa suti kwenye jua lile, ambaye yeye alisema Kelvini. Kelvini ni hatua zile zile za Selsiasi, ila huanza kuhesabu kutoka kwenye baridi isiyo na baridi nyingine chini yake. Chukua Selsiasi, ongeza mia mbili sabini na tatu, umemaliza. Meneja alipokuja kukagua na kuambiwa mayai yako mia tatu na kumi, alimtazama yule kijana kwa huruma.

"Mwanangu," alisema, "yai la digrii mia tatu na kumi si yai. Ni kaa la moto."

Baada ya ziara hiyo Meneja alibandika jedwali ukutani katika matawi yote: Selsiasi upande huu, Farenhaiti upande ule, mstari kwa mstari. "Kuanzia leo," alitangaza, "mtu asitumie kichwa. Atumie jedwali." Wakatii. Hapo ndipo nilipohamishiwa Malindi, na hapo ndipo Mama Kadzo alipotuletea mayai yake.

Mama Kadzo alitoka Sabaki, amebeba kikapu kilichojaa pumba, na ndani ya pumba mayai ya kuchi, wale kuku warefu wa kwetu wenye shingo ya majivuno. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita kwake kama moto wa makuti. Kuku waliotaga mayai yale nao walikuwa wameshakufa.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mbegu hii alinipa mama yangu, naye alipewa na mamake. Imebaki humu kikapuni tu. Mukiiua, sina pa kuomba nyingine."

Tukayaweka kwenye mashine ya zamani, yenye kifundo cha Farenhaiti. Wiki mbili na zaidi mambo yalikwenda sawa. Sasa, siku za mwisho kifaranga aliye ndani ya yai hutoa joto lake mwenyewe, kwa hiyo mashine hushushwa kidogo. Daktari akapiga simu alfajiri, akampata Msimamizi wa zamu.

"Yale ya kuchi, shusha digrii moja."

"Sawa, daktari."

Nilipoingia asubuhi nikaona taa ya joto imezimika. Nikatazama kifundo. Kilikuwa sitini na sita.

"Bwana Msimamizi," nikasema, "nani ameweka hapa?"

"Mimi. Daktari amesema tushushe moja. Daktari ni mtu wa Selsiasi, nikaona nisikisie, nikatazama jedwali." Akaweka kidole ukutani, amejaa fahari. "Moja ya Selsiasi ni thelathini na tatu nukta nane ya Farenhaiti. Nikatoa hiyo kwenye tisini na tisa na nusu, ikabaki sitini na sita hivi."

Nilikaa chini kwenye ndoo. Msimamizi hakuwa mjinga. Alikuwa mtiifu, na hilo ni gumu zaidi kulitibu.

"Ndugu yangu, jedwali linasema joto lilipofika. Halisemi limepanda au limeshuka ngapi. Watu wawili waliovaa vilemba ukitaka kujua nani mrefu na kwa kiasi gani, vilemba si vinafutana? Tofauti ya moja ya Selsiasi ni tisa kwa tano tu. Moja na nukta nane. Wewe umewavua na kichwa."

Akageuka rangi ya majivu. "Na mama wa watu?"

Nilirudisha kifundo hadi tisini na saba na nukta saba, kisha nikachungulia kipimajoto cha ndani, nikijiandaa kuona sitini na sita. Kilisema themanini na nane. Nikavua miwani, nikaifuta, nikatazama tena. Themanini na nane. Mashine ilikuwa imeacha kutia joto, lakini haikuwa na namna ya kutia baridi, na chumba chenyewe kilikuwa Malindi, katikati ya kaskazi, wakati ambao hata kivuli hutafuta kivuli. Sitini na sita ya Farenhaiti haijawahi kuonekana mji huu tangu uumbwe. Lile joto tulilolilaani kila siku ndilo lililoyalalia mayai ya Mama Kadzo.

Siku ya kuanguliwa alikuja na kikapu chake. Hakuna yai lililopasuka. Msimamizi alimweleza mwenyewe, bila kujificha. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Kuku pia huondoka kwenda kula," akasema. "Tutangoja."

Kesho yake, baada ya adhuhuri, yai moja likatoa mdomo. Jioni kikapu kilikuwa kinalia. Wachache hawakutoka, wengi walitoka, na shingo zao za majivuno.

Meneja alitoa amri kila mtu ataje digrii ni za nani. Amri ilidumu kama barafu uwanjani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeivunja kwanza. Hadi nilipostaafu nilikuwa bado nasikia "ongeza mbili" na "sawa, bwana", na bado nasikia hadi leo, kutoka kwa wajukuu zangu wenye diploma.

Juzi simu ililia nikiwa usingizini. Mama Kadzo, sauti imekonda lakini ni ile ile. Wajukuu wake wamemnunulia kimashine.

"Mwanangu, kuna kijana hapa ananiambia niweke thelathini na saba na nusu. Nimemuuliza swali hanijibu, anasema 'weka tu, bibi.'"

"Umemuuliza nini, mama?"

"Nimemuuliza, za nani?"

Nikacheka hadi usingizi ukaniruka. "Mpe simu huyo kijana, mama," nikasema.