Nilivyokwenda Likoni Kufundisha Watu Kusema

Mwalimu wangu wa chuo aliponipa barua ya kwenda Likoni kwa majuma mawili, alinipa na onyo. "Ndanu," alisema, "masomo unayajua. Ila una tabia ya kuwamalizia watu maneno. Mwenye kigugumizi akifungua kinywa tu, wewe umeshafika mwisho wa sentensi na unamngojea huko." Nilimjibu kwamba nimeelewa, na nilimjibu kabla hajafunga mdomo.

Nasomea utabibu wa usemi na sauti jijini Nairobi. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hupelekwa kukaa na mtu mmoja mwenye shida ya kusema, amrekodi akiwa kwao na watu wake, na amsaidie kadiri anavyoweza. Mimi nilipewa Suleiman, fundi wa kuchomea vyuma wa miaka ishirini na saba, mwenye kigugumizi tangu utotoni. Kwenye fomu yake, penye swali la anachotarajia kutoka kwetu, alikuwa ameandika maneno matatu: "Nataka sentensi moja." Hakusema ni ipi. Nami nilivyo na kiherehere, nilikaa juma zima nikijiuliza.

Jumapili, saa mbili asubuhi, treni ilitoka Nairobi. Tulikuwa bado hatujafika Emali mama yangu aliponipigia simu kutoka Machakos, anacheka hata maneno hayatoki. "Mkamba anaenda Pwani kuwafundisha wenyewe kusema! Si afadhali ungepeleka mchanga Makueni?" Abiria wa kando yangu alisikia, akacheka naye. Nilinunua soda nikatazama twiga.

Miritini, saa nane mchana. Nilipokewa na Mjomba Hamadi, kaka wa mama yake Suleiman, mtu mnene mwenye kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono na gari la Probox lililojaa nazi nyuma. Hatukupitia kivukoni, tulishika barabara ya Dongo Kundu, madaraja marefu juu ya mikoko, na kabla hatujamaliza daraja la kwanza Mjomba alikwishaniambia mambo yote ya ukoo. Nilimpenda papo hapo. Alikuwa mtu wa aina yangu.

"Wajua yalomleta Sele kwenu?" aliniuliza, akimaanisha Suleiman. "Kuoa. Mke amemchumbia huu mwaka wa pili, na kila tukiweka siku ya nikahi yeye huipangua. Yuaogopa. Walii, ndiye babake mke, akisha kumuozesha, bwana harusi hana budi kujibu mwenyewe, mbele ya msikiti mzima: 'Nimekubali kumuoa fulani binti fulani.' Sasa Sele hapo atakwama, watu wamtazame."

"Kwa hiyo hiyo ndiyo sentensi?"

"Ndiyo hiyo. Lakini dawa ipo. Mie nitakuwa wakili wake. Sharia yaruhusu. Yeye akae kimya, mie ninene kwa niaba yake. Siku ni Jumamosi ya juma la pili, na safari hii haipanguliwi, inshallah."

Niliona ni wazo zuri sana, na nikamwambia hivyo. Baadaye nilijuta.

Alasiri tulifika Shika Adabu. Ndilo jina la mtaa, na mama yangu nilipomwambia alisema chuo kimefanya vizuri kunipeleka huko. Mamake Suleiman, Bi Mwanakombo, alitoka nje na leso begani. Nilimpa shikamoo yangu ya haraka ya Nairobi, nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watokako hawajambo? Mama hajambo? Na safari, salama salimini?"

Nilijibu yote, moja moja, nimesimama na begi mkononi.

"Alhamdulillahi. Basi wewe ndiwe waja kutufunza kusema," akasema, macho yakicheka. "Karibu. Siye hapa tulikuwa twajaribu jaribu tu."

Suleiman akatokea uani, kijana wa mabega mapana, mikono ina madoa ya cheche za moto. Alinitazama, akavuta pumzi. "Ka-karibu k-k-k..."

"Kiti!" nikamalizia.

 Akatikisa kichwa, akaenda ndani, akaniletea kiti.

Jumatatu asubuhi, karakanani kwake, ndipo niliposikia kwamba alikuwa akisema "karibu kwetu." Aliniambia bila hasira, huku akifunua kifungua kinywa chake kilichofungwa kwenye gazeti: mahamri manne.

"Wa-waona haya? Mi-miaka minne nala mahamri. Kila siku nikifika kibandani kwa Mama Saumu nasema ma-ma-ma, naye asema mahamri. Mimi nataka ma-maharagwe."

"Kwa nini usimwambie?"

"Huwa a-ashafunga."

Nilicheka, naye akacheka, halafu nikaona kwamba si jambo la kuchekesha hata kidogo. Mtu mzima, fundi anayeunganisha mageti ya watu mpaka yanasimama wima, anakula anachopewa na midomo ya wengine. Na mimi jana nilimpa kiti.

Nikamuuliza kuhusu wazo la Mjomba. Aliweka hamri chini. Ilimchukua muda, na nilijiuma ulimi hadi ukauma kweli.

"Mjomba ni m-mwema. Lakini si-sitaki kuoa kwa m-m-mdomo wa mtu. Na li-lile jina la mwenzangu, ndilo linalonishinda kuliko yote. Mi-miaka miwili namwita 'ewe.' Ha-hajanisikia hata siku moja nikimwita."

Jina lenyewe aliniandikia kwa chaki juu ya bati: Riziki.

Juma la kwanza tulifanya kazi. Nilimweleza wazi kwamba mimi si mganga, kigugumizi haking'olewi kama jino, na majuma mawili ni machache mno. Nilichoweza kumfundisha ni kutopigana na neno: kulegeza taya, kuitoa herufi ya kwanza polepole pamoja na pumzi, na likikwama asikimbilie neno jingine la karibu, akae nalo hapo hapo, alegeze, aanze tena. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Jambo lililonishangaza ni kwamba akisoma Kurani hakwami hata kidogo, inatiririka. Nilijua kutoka vitabuni kwamba kisomo na wimbo mara nyingi havikwami, lakini kulisikia jambo lenyewe kutoka chumba cha pili ni kitu kingine.

Bi Mwanakombo naye alikuwa amelitambua zamani. "Basi aimbe!" aliniambia huku akikuna nazi. "Siku ya nikahi aisome ile sentensi kwa wimbo, tuishe."

"Si-sioi kwa wimbo, mama," Suleiman akasema kutoka uani.

Shida kubwa haikuwa yeye. Ilikuwa sisi. Nyumba nzima ilimmalizia maneno, tena kwa huruma, kama unavyomshikia mtu mzigo. Kwa hiyo nikatangaza sheria: atakayemmalizia Suleiman neno ataosha vyombo vya usiku huo. Siku ya kwanza niliosha mimi. Ya pili, mimi. Ya tatu Mjomba Hamadi alikuja kula, akaponzwa na neno "pilipili," akaosha sufuria mbili na kofia yake ya vito kichwani, akilalamika kwamba hajaona mgeni mkorofi hivi tangu azaliwe. Ya nne niliosha mimi tena. Bi Mwanakombo ndiye wa kwanza kushika somo. Alikuwa akijiziba mdomo kwa leso na kumkodolea mwanawe macho, jambo ambalo halikumsaidia sana, lakini lilikuwa mwanzo.

Riziki nilikutana naye Jumatano ya juma la pili. Ni mwalimu wa chekechea, mwembamba, mpole wa maneno, na kwao ni nyumba ya pili kutoka msikitini. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha namna ya kumsikiliza mume mwenye kigugumizi. Nilikuwa hata na karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniandalia chai, akasema tu, "Mimi siku nzima niko na watoto wa miaka mitatu, dada. Hakuna ajuaye kungoja kama mie." Nilidhani ananitania.

Ijumaa, mkesha wa nikahi, nyumba ilichafuka. Suleiman alisema mbele ya wote kwamba hataki wakili. Mama yake alilia. "Sitaki mwanangu awe kichekesho. Watu watabeba habari mpaka Ng'ombeni!" Mjomba akasema hana nia mbaya. Wote wakanigeukia mimi, dokta wa mambo hayo, kama walivyoshika kuniita ingawa nimewakanya mara mia. Nikasema lililonikaa moyoni: kwamba nilipofika niliunga mkono wazo la wakili, na nilikosea, kwa kuwa nilikuwa sijamsikia mwenyewe.

Shauri lilikatwa hivi. Mjomba atakaa ubavuni mwa Suleiman. Ikimshinda, Suleiman atamgusa goti, na Mjomba ataendelea kama wakili. Imamu aliulizwa kwa simu, akakubali, akasema hana haraka.

"Na ni-nisipokugusa," Suleiman alisema, "nyamaza. Hata i-iwe vipi."

"Wallahi nitanyamaza," akasema Mjomba. Hakuna aliyemwamini, mimi mwenyewe nikiwemo.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Wanaume wako msikitini. Sisi wanawake tumejaa nyumbani kwa kina Riziki, na mimi nimefungwa leso mbili na Bi Mwanakombo mwenyewe, akisema sasa nimekuwa mtu. Spika ilikuwa imefungwa dirishani ili tusikie, na kwa ruhusa ya pande zote niliweka kinasa sauti changu chini yake. Riziki alikuwa ameketi mkekani, hina mikononi. Sauti ya imamu ilimalizika. Ikaja sauti ya babake Riziki, mzee Omari: "Suleiman, nakuoza binti yangu Riziki kwa mahari tuliyopatana."

Chumba kizima kikageukia spika.

"Ni-nimekubali kumuoa..."

Kimya.

Tulisikia feni ya msikiti. Tulisikia mtu akikohoa. Kimya kikaendelea. Mwanamke mmoja mlangoni akasema, "Stima imekatika?" Mwingine akainuka kwenda kuitikisa spika. Bi Mwanakombo alinishika mkono akaubana, akanong'ona kwa ukuta, "Hamadi, sema basi. Sema, ndugu yangu." Hakuna mtu mle ndani ambaye hakuwa na jina lile mdomoni. Mimi nilikuwa nalo lote, ulimi umeshapinda tayari kulitamka, na sijapata kutaka kusema kitu maishani mwangu kama nilivyotaka kusema neno lile moja.

Riziki hakuinua macho kutoka kwenye hina. "Mwacheni," alisema. "Yuaja."

Aliyekuwa akielekea kwenye spika akasimama.

"R-R-Riziki," ikasema spika, "Riziki binti Omari, kwa mahari tuliyopatana."

Vigelegele vilivyofuata vilinitia uziwi kwa muda. Bi Mwanakombo alikaa chini sakafuni na nguo zake za sherehe akalia, safari hii kwa furaha. Nami nililia, sitaficha. Katikati ya kelele zile Riziki alinivuta leso, akaniambia sikioni, "Umesikia? Ndilo langu hilo."

Jioni Mjomba Hamadi alikuja akitokwa na jasho. Hakuguswa goti. "Yale maneno nilikuwa nayo hapa," alisema akijishika koo, "kama mwiba wa samaki. Mwanangu, hii kazi yenu ya kunyamaza si mchezo."

Jumapili asubuhi nilikuwa na safari ya kurudi. Suleiman, bwana harusi wa siku moja, alisisitiza anisindikize, na tukasimama kwanza kibandani kwa Mama Saumu.

"Ma-ma-ma..." alianza. Mama Saumu alikuwa ameshakunjua gazeti. Akamtazama Suleiman, akanitazama mimi, na sijui habari zilimfikaje, lakini alilikunja tena gazeti lake, akafumba mdomo, akangoja.

"Ma-maharagwe."

Akampakulia sahani. Suleiman alikula kijiko kimoja, akatafuna kwa makini, akanigeukia. "Ha-hayana chumvi," akasema. Lakini aliyamaliza yote.

Treni ilipopita Mariakani nilivaa visikizio, nikafungua rekodi ya nikahi ili nianze kazi ya mwalimu wangu. Fomu ina safu ya kuandika kila mahali msemaji alipokwama, na muda wake kwa sekunde. Kile kimya mimi nilikikadiria kuwa dakika tatu, labda nne. Nikakipima. Nikarudia kukipima, nikidhani kinasa kimeharibika.

Sekunde kumi na moja.

Hizo ndizo zilizotushinda chumba kizima cha watu wazima, na mmoja wetu akiwa amesomea kungoja kwa miaka minne. Yule pekee ambaye hazikumshinda hakuhitaji karatasi yangu. Sauti yake ipo humo ndani ya rekodi, karibu na sekunde ya saba, chini kidogo ya feni ya msikiti: "Yuaja." Niliisikiliza mpaka Voi, na safu ile ya fomu nimeiacha wazi.