Mlenda Unaokwenda Kongo

Juzi, stendi ya Singida, karani wa vifurushi alifungua mzigo wa bibi mmoja, unaokwenda kwa mjukuu wake mwanajeshi anayelinda amani Kongo. Akakuta unga wa kijani.

“Shikamoo bibi. Hii dawa gani?”

“Marahaba. Mlenda huo, mboga ya kuvutika, nimeikausha nikaisaga. Babu yake alibeba huu huu vita ya Kagera, akarudi mzima.”

Karani akaguna. Bibi akachukua chupa ya maji ya moto ya karani, akamimina kikombeni, akatia unga, akakoroga, akainua kijiko juu. Mlenda ukavutika bila kukatika. Foleni nzima ikapiga makofi. Karani akagonga muhuri.

“Na huu wa kikombeni, bibi?”

“Kunywa. Wa askari nishaufunga.”

Nasikia vita vya siku hizi ni vya mitambo. Bibi yule hajaambiwa, na mimi siendi kumwambia.